Historia ya chombo cha kupimia kelele za redio, kutoka Paris hadi Shiling

Tarafa ya Shiling iko katika wilaya ya Huadu, kaskazini mwa mji wa Guangzhou, mkoani Guangdong, kusini mwa China. Jina lake halijulikani sana Afrika Mashariki, lakini kazi ya mikono ya watu wake inajulikana. Wafanyabiashara wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi wanaokwenda Guangzhou kununua mikoba, mabegi ya shule na masanduku ya safari, hufika katika masoko ya jumla ya Sanyuanli, na Shiling ni mojawapo ya sehemu kubwa zinakotengenezwa bidhaa za namna hiyo. Mwaka 2002 tarafa hiyo ilipewa na mashirika ya viwanda ya China jina la "Mji Mkuu wa Bidhaa za Ngozi wa China".

Katika karakana za kazi hiyo, pamoja na cherehani, mikasi na gundi, kuna mashine ambayo mnunuzi wa mkoba haioni wala hana sababu ya kuifikiria. Ina mabamba mawili ya chuma, moja juu na jingine chini. Fundi huweka kati yake vipande viwili vya plastiki ya PVC au vya ngozi bandia, hukanyaga pedeli, bamba la juu hushuka, na baada ya sekunde chache vipande hivyo huwa vimeshikamana bila uzi wala gundi, au nembo ya kampuni huwa imechongeka juu ya ngozi. Joto la mashine hiyo haliingii kutoka nje kama joto la pasi, bali huzaliwa ndani ya plastiki yenyewe. Mabamba hayo hupitishiwa umeme unaokwenda na kurudi mara milioni 27.12 kwa sekunde, na molekuli za plastiki, zikijaribu kuufuata umeme huo, hupata joto mpaka plastiki ikayeyuka.

Kwa mhandisi wa redio, mashine hiyo ni mtambo wa kurushia matangazo usiokuwa na mtangazaji. Nguvu yake ni ya kilowati kadhaa, na zipo stesheni ndogo za FM zinazohudumia wilaya nzima kwa nguvu isiyofika hapo. Hata hivyo inafanya kazi kihalali. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, nchini Marekani, ulitenga masafa machache kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba, na megahezi 27.12 ni miongoni mwa masafa hayo. Ndani ya mpaka wa kuanzia megahezi 26.957 hadi 27.283 mashine inaweza kupiga kelele ipendavyo.

Tatizo liko nje ya mpaka huo. Mtambo wowote wenye nguvu, usipofungwa na kukingwa vizuri, hautoi wimbi moja tu. Hutoa pia mawimbi ambayo masafa yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne na mara tano ya wimbi la kwanza. Ukizidisha 27.12 kwa 4 utapata 108.48, na ukizidisha kwa 5 utapata 135.6. Megahezi 108 hadi 112 ndimo unamopita mwale wa redio unaomwonyesha rubani mstari wa katikati wa barabara ya kutua, na megahezi 118 hadi 137 ndimo rubani na mnara wa kuongozea ndege wanamozungumza. Mashine nyingine za kazi hiyohiyo hutumia megahezi 40.68, ambayo mara tatu yake ni 122.04, jirani kabisa na 121.5, masafa ya dharura ya usafiri wa anga. Na kwa kuwa nyingi ya mashine hizo huendeshwa na valvu moja kubwa isiyokuwa na kidhibiti cha masafa, wimbi lake halitulii. Husogea kadiri plastiki inavyopata joto kati ya mabamba.

Tarehe 5 Agosti mwaka 2004, uwanja mpya wa ndege wa kimataifa wa Baiyun ulifunguliwa katika eneo lililo kwenye mpaka wa wilaya za Baiyun na Huadu, ukichukua nafasi ya uwanja wa zamani uliokuwa karibu zaidi na katikati ya mji wa Guangzhou. Tangu siku hiyo wilaya moja imebeba mambo mawili: karakana za mikoba na ndege zinazoshuka. Si lazima kiwanda chochote kiwe na hatia ndipo swali liulizwe. Kila mashine ya umeme duniani hutoa kelele kidogo ya redio, na haiwezekani kuzima zote. Kinachotakiwa kujulikana ni kiasi: kelele ipi ni ya kuvumiliwa na ipi ni ya kuzuiwa, nani anasema hivyo, na anapima kwa chombo gani.

Chombo hicho kina historia ya karibu miaka 90, na historia yenyewe haikuanzia kwa marubani. Ilianza kwa watu waliokuwa wakisikiliza redio nyumbani.

Heinrich Hertz alipothibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya mwaka 1887 na 1888, alitumia cheche ya umeme. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilijulikana kwamba palipo na cheche pana redio. Jambo hilo halikumsumbua mtu wa kawaida mpaka matangazo yalipoanza kuingia majumbani. Stesheni ya KDKA ya Pittsburgh nchini Marekani ilianza mwezi Novemba mwaka 1920, BBC ikaanza Novemba mwaka 1922, na Nairobi ikapata matangazo yake mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920. Mtu aliyenunua redio kwa gharama kubwa alikaa jioni asikilize muziki, lakini akasikia tramu inayopita barabarani, mashine ya jirani ya kufagilia zulia, na mtambo wa daktari wa kutibu viungo kwa joto. Alipolalamika, kampuni ya umeme ilimwelekeza kwa mtengenezaji wa mashine, mtengenezaji akamwelekeza kwa stesheni ya redio kwamba iongeze nguvu, na stesheni ikamrudisha kwa kampuni ya umeme.

Kila nchi ilianza kutunga masharti yake. Hapo likazuka tatizo la biashara, kwa sababu mashine iliyokubaliwa katika nchi moja iliweza kukataliwa katika nchi jirani, si kwa kuwa ilikuwa na kelele zaidi, bali kwa kuwa vyombo vya kupimia havikufanana. Mwaka 1933 wawakilishi wa Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliyoanzishwa mwaka 1906, pamoja na wa umoja wa kimataifa wa mashirika ya utangazaji, walikutana Paris. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 28 hadi 30 Juni, kamati maalumu ya kimataifa ya usumbufu wa redio ilifanya mkutano wake wa kwanza katika mji huohuo. Kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kifaransa inaitwa CISPR, na mpaka leo ndiyo inayoandika kanuni za kazi hii.

Wajumbe wa kamati hiyo walikabiliwa na swali ambalo fizikia peke yake haikuweza kulijibu. Kupima nguvu ya umeme kulikuwa ni jambo jepesi, lakini wao walitakiwa wapime kero. Mota ya mashine ya kufagilia hutoa cheche mamia kwa sekunde, na msikilizaji husikia mvumo usiokatika. Swichi ya taa hutoa cheche moja, na msikilizaji husikia mpasuko mmoja kisha muziki ukaendelea. Kipimo kinachoonyesha wastani kingesema kwamba swichi si kitu kabisa, ijapokuwa msikilizaji ameshtuka kitini. Kipimo kinachoonyesha kilele cha juu kabisa kingesema kwamba swichi na mota ni sawasawa, ijapokuwa mmoja anavumilika na mwingine unamfanya mtu azime redio. Vipimo vyote viwili ni vya kweli kwa umeme, na vyote viwili ni vya uongo kwa sikio.

Jibu lilipatikana kwa kuwauliza wasikilizaji wenyewe. Watu walisikilizishwa matangazo yaliyochanganywa na kelele za namna mbalimbali, wakaeleza zinawaudhi kiasi gani, na wahandisi wakatafuta saketi ambayo sindano yake ingepanda na kushuka sambamba na majibu hayo. Waliyoipata ni sahili mno. Inaweza kufananishwa na mtungi wenye mdomo mpana na tundu dogo chini yake. Kila mpigo wa kelele humimina maji kwa haraka kupitia mdomoni, kisha maji huvuja taratibu kupitia tunduni. Mapigo yakifuatana upesi, mtungi hukaa karibu ujae. Yakija moja moja kwa nadra, maji hushuka kabla ya mpigo mwingine kufika. Badala ya mtungi, wahandisi walitumia kapasita inayojazwa kwa milisekunde 1 na kuvuja kwa milisekunde 160. Aina hiyo ya kipimo, isiyokuwa kilele kamili wala wastani, inaweza kuitwa kilele kadiri.

Kwa namba, jambo lenyewe ni hili. Kelele yenye mapigo 100 kwa sekunde ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi. Kelele yenye pigo 1 tu kwa sekunde inahitaji kuwa na nguvu zaidi kwa desibeli 22.5, yaani volti zake ziwe kiasi cha mara 13, ndipo sindano ifike mahali palepale. Pigo la pekee linahitaji desibeli 23.5 zaidi, kiasi cha mara 15. Kinyume chake, mapigo 1,000 kwa sekunde hufikisha sindano hapohapo yakiwa na upungufu wa desibeli 4.5. Dirisha ambalo chombo husikilizia lina upana wa kilohezi 9, takriban nafasi ya stesheni moja ya masafa ya kati. Wamarekani nao walichagua mtungi wao, unaovuja kwa karibu milisekunde 600, na tofauti hiyo ya pande mbili za bahari ya Atlantiki ilichukua miaka mingi kumalizika.

Ni nadra kuona katika sayansi ya vipimo kizio kilichokatwa kwa kufuata hisia za watu waliokaa kusikiliza muziki. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwa kuwa kilichokuwa kikilindwa ni usikivu, na usikivu hauna mahali pengine pa kupimwa isipokuwa kwa msikilizaji.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha kazi hiyo. Kamati ilikutana tena London mwaka 1946, na mwaka 1961 ikatoa chapisho lake la kwanza linaloeleza chombo chenyewe, kwa masafa ya kuanzia megahezi 0.15 hadi 30. Ilikuwa bahati tu, lakini inafaa kutajwa, kwamba tarehe 1 Septemba mwaka huohuo wa 1961 Radio Peking ilianza matangazo yake kwa Kiswahili. Masafa mafupi yaliyoleta matangazo hayo na ya stesheni nyingine za mbali hadi Tanga, Kisumu na Bujumbura yamo ndani ya masafa hayo yaliyotajwa na chapisho, na wimbi lililosafiri kilomita elfu kadhaa hufika likiwa dhaifu kiasi kwamba mota moja ya mashine ya kusaga unga inaweza kulifunika. Mwaka 1977 machapisho yaliyotangulia yalikusanywa katika kanuni moja iitwayo CISPR 16, ambayo imekuwa ikirekebishwa tangu wakati huo.

Chombo kilichoelezwa humo ni redio, na si zaidi ya redio kwa asili yake. Kina tundu la antena lenye ukinzani wa omu 50, kina vichujio, kina sehemu ya kukuza, kisha kina ule mtungi. Tofauti yake na redio ya mezani ni kwamba redio ya mezani huruhusiwa kukosea. Ndiyo maana nusu ya kazi ya upimaji wa kelele ni ugezi, neno linalotumiwa na Shirika la Viwango Tanzania kwa kazi ya kulinganisha kipimo na kipimo kingine kilicho sahihi zaidi.

Ugezi wa chombo hiki huanza kwa jambo jepesi. Mtambo unaotoa wimbi safi, lisilo na kelele, huunganishwa nacho, na msomaji huangalia kama kinaonyesha kile kilichoingizwa. Kosa haliruhusiwi kuzidi desibeli 2. Desibeli hapa huhesabiwa kuanzia mikrovolti 1: desibeli 20 ni mara 10, desibeli 40 ni mara 100, na desibeli 6 ni takriban mara mbili. Chombo kibovu kinaweza kufaulu mtihani huo bila shida, kwa sababu wimbi safi ni kama mgeni mpole anayebisha hodi na kungoja. Kelele haibishi hodi.

Kwa hiyo mtihani wa pili hufanywa kwa mapigo. Kanuni inasema kwamba mapigo 100 kwa sekunde, kila moja likiwa na ukubwa wa mikrovolti-sekunde 0.316, lazima yasukume sindano mahali palepale inapofikishwa na wimbi safi la milivolti 2, ambalo ni desibeli 66, na tofauti isizidi desibeli 1.5. Mikrovolti-sekunde 0.316 maana yake ni kama volti 316 zinazodumu kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Kutengeneza pigo la namna hiyo ni ufundi wa peke yake. Kwa miaka mingi lilitengenezwa kwa kuujaza umeme waya wa antena wenye urefu maalumu, kisha kuuachia ghafla kwa swichi iliyolowanishwa zebaki, kwa kuwa zebaki hugusana mara moja tu bila kudundadunda. Baada ya hapo idadi ya mapigo hubadilishwa, 1,000, kisha 20, kisha 10, kisha 2, mpaka pigo moja la pekee, na kila mara jibu la chombo hulinganishwa na jedwali lililotokana na masikio ya wasikilizaji wale wa zamani.

Mtihani huo wa pigo la pekee ndio unaofichua udhaifu wa vyombo rahisi. Pigo fupi lina nguvu iliyotawanyika katika masafa yote kwa pamoja. Dirisha la kilohezi 9 huruhusu sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo kupita, lakini mlango wa mbele wa chombo hupokea pigo zima. Mlango huo ukizidiwa, hukata kilele cha pigo, na namba inayosomwa huwa ndogo kuliko ukweli. Matokeo yake ni ya hatari, kwa sababu chombo dhaifu hakikosei ovyo huku na huku, bali hukosea kwa upande mmoja: huipendelea mashine yenye kelele. Mwenye kiwanda hupata cheti kwa nia njema, mpimaji hutia sahihi kwa nia njema, na kelele hubaki palepale.

Mtambo unaotumiwa kugezia nao hugeziwa na mwingine. Mnyororo huo hupanda kutoka kiwandani hadi kwenye maabara yenye ithibati, kisha hadi kwenye taasisi za vipimo kama Kituo cha Taifa cha Vipimo cha China Kusini kilichoko Guangzhou, na hatimaye hadi Taasisi ya Taifa ya Vipimo ya China mjini Beijing, iliyoanzishwa mwaka 1955. China ilijiunga na Mkataba wa Mita mwaka 1977, na Kenya ikawa mwanachama kamili mwaka 2010. Bila mnyororo huo, desibeli za Guangzhou na za Mombasa zingekuwa na jina moja tu bila kuwa na kipimo kimoja.

Kinabaki kiungo kilicho kigumu kuliko vyote, nacho ni antena. Chombo hupima volti zilizo kwenye waya, ilhali rubani husumbuliwa na wimbi lililo hewani. Kila antena ina namba yake ya kugeuzia, ambayo hubadilika kwa kila masafa. Chombo kikisoma desibeli 30, namba ya antena ikiwa 12, na waya ukiwa umepoteza 2, basi wimbi hewani ni desibeli 44, sawa na takriban mikrovolti 158 kwa kila mita. Lakini namba ya antena itajulikanaje, ikiwa hakuna antena nyingine iliyo kamilifu ya kuilinganisha nayo? Wahandisi walitumia hila ya kihesabu. Huchukuliwa antena tatu ambazo zote hazijulikani. Hupimwa ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, kisha ya pili na ya tatu. Vipimo vitatu kwa mambo matatu yasiyojulikana hutosha kuyapata yote. Kazi hiyo hufanywa juu ya uwanja wa wazi uliosakafiwa kwa chuma, mbali na ukuta, mti na nguzo, na uwanja wenyewe ni lazima uthibitishwe kwamba hautofautiani na hesabu kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Antena iliyogongwa safarini, au waya uliopinda mara nyingi, hubadilisha namba hizo bila kutoa ishara yoyote. Mwaka 2003 CISPR ilitoa waraka unaozilazimisha maabara zijumlishe mashaka yote hayo, na kwa mawimbi ya hewani jumla inayokubalika huzidi desibeli 5. Kwa maneno mengine, maabara mbili njema zikipima mashine moja zinaweza kutofautiana karibu mara mbili, na zote zisiwe na kosa. Watu wa sheria hawapendi kusikia hivyo.

Siku hizi sindano imeondoka. Mwaka 2010 kanuni iliruhusu vyombo vinavyoyameza masafa mengi kwa mara moja na kuyachambua kwa hesabu za kompyuta, hivyo kazi ya saa kadhaa ikawa ya dakika. Lakini ndani ya programu hizo bado imo hesabu ya mtungi unaojaa kwa milisekunde 1, na hata hesabu ya uzito wa sindano isiyokuwepo tena, iliyokuwa ikichelewa milisekunde 160 kabla ya kutulia. Wapo wahandisi wanaosema kwamba huo ni ukale, kwa kuwa simu ya mkononi na televisheni ya dijitali haziudhiwi kama sikio linavyoudhiwa, na ndiyo sababu vipimo vya wastani na vya aina nyingine vimeongezwa. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo marubani na waongozaji wa ndege bado huzungumza kwa njia ileile ya zamani iliyotumiwa na stesheni za masafa ya kati, ambapo sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Rubani anayekaribia Baiyun akiwa na vipokezi masikioni ni msikilizaji wa aina ileile aliyefikiriwa na mkutano wa Paris, isipokuwa yeye hawezi kuizima redio.

China ilianza kutumia cheti cha lazima kiitwacho CCC mwaka 2002, miezi michache baada ya kujiunga na Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba mwaka 2001, na kelele za redio ni miongoni mwa mambo yanayokaguliwa kwa bidhaa nyingi za umeme. Kenya nayo ilianza mwaka 2005, na Tanzania mwaka 2012, kutaka bidhaa zikaguliwe katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Utaratibu huo huziangalia pasi, taa na chaja za simu. Mkoba si kifaa cha umeme. Mashine iliyouyeyusha na kuuchora haipandi meli, na hakuna mkaguzi wa bandari ya Mombasa atakayeiona.

Mashine hiyo iko chini ya kanuni nyingine, CISPR 11, ambayo nchini China inajulikana kwa namba GB 4824, na iko pia chini ya sheria ya usimamizi wa redio ya mwaka 1993, iliyorekebishwa mwaka 2016. Sheria hiyo ya mwaka 1993 ilisema wazi kwamba kifaa kisicho cha redio kikileta usumbufu wenye madhara, mwenye kifaa lazima auondoe, na kikihatarisha usalama wa ndege au meli, lazima kisimamishwe.

Mashine ya aina hii ni nzito, na mara nyingi haiwezi kupelekwa maabara. Maabara huifuata. Wakaguzi wanaotafuta chanzo cha kelele katika eneo la viwanda huitambua kwa mwendo wake kabla ya kuiona: mlio wa sekunde chache, kimya cha sekunde chache, tena mlio, kisha kimya kirefu wakati wa chakula cha mchana. Huo ni mguu wa fundi juu ya pedeli. Gari lenye antena huonyesha mtaa, antena ya mkononi huonyesha jengo, na ndani ya jengo mashine huzimwa moja baada ya nyingine mpaka mlio ukatike.

Hapo antena iliyogeziwa husimamishwa mita 30 kutoka kwenye ukuta wa nje wa jengo, na namba husomwa. Dawa yake ikihitajika si ya ajabu. Kifuniko cha chuma kilichovuliwa ili kurahisisha ufundi hurudishwa, mlango wa mashine huwekewa vipande vya shaba vinavyoziba nyufa, kichujio hufungwa kwenye waya wa umeme, na waya wa ardhini hukazwa. Kisha fundi huombwa akanyage pedeli tena, na chombo husomwa upya kwa umbali uleule.